Muulize Ami: Mlima wa kwanza unaniua, wa mwisho naupanda nikizungumza

Ami, Assalaam alaykum.

Mimi ni mtu wa Wete, umri wangu miaka 41, kazi yangu ya ofisini, ya kukaa kutwa. Mwaka jana nilinunua baskeli ya mtumba, zile za milimani zenye gia na shokapu mbele, nikajiunga na vijana wa mtaani wanaotoka kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri. Tuko watano. Wote wadogo zangu, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Tunakwenda Konde, tunaingia msitu wa Ngezi, tunatokea Vumawimbi, tunaoga bahari, tunarudi.

Tatizo langu linanitia aibu. Tunakutana chini, upande wa bandarini, kwa sababu mimi na wenzangu wawili tunakaa huko. Na Wete unaijua, kutoka bandarini hapana njia ila kupanda. Basi hata dakika mbili hazijesha mapaja yanawaka moto, pumzi imekatika, kichomi kimenishika ubavuni. Mara nyingi nateremka, nasukuma. Wenzangu wananisubiri juu wanacheka. "Mjomba, tukuitie gari?" Lakini cha ajabu, tukifika Konde mimi huwa mtu mwengine. Ndani ya Ngezi, penye mchanga na mizizi, ndiye ninayetangulia, na vilima vya kurudi navipanda nimekaa kitako, nazungumza. Ni ule wa kwanza tu, Ami.

Nimejaribu mengi. Nilikumbuka mazoezi ya skuli, nikawa nikiamka tu nainama nashika vidole vya miguu, nahesabu mpaka hamsini, mara tatu. Nilichopata ni maumivu ya kiuno. Jirani akanipa mafuta ya karafuu nipake mapajani kabla ya kutoka. Yanachemka kweli, lakini mlima ni ule ule. Rafiki yangu anasema sala ya alfajiri inatosha kulainisha viungo. Mpwa wangu anasema kupasha misuli ni mambo ya Wazungu wenye baridi yao, sisi jua linatupasha bure. Siku moja nikajaribu kurukaruka uani, mke wangu akawaita watoto waje kutazama.

Nguvu si kwamba sina, maana kabla ya kutoka nakunywa chai na mbatata za nazi zilizolala. Halafu tunakaa barazani tunamsubiri mwenzetu mmoja ambaye kila Jumapili anachelewa, robo saa, pengine nusu saa.

Jumapili iliyopita nilishikwa na hasira. Nikasema leo siteremki. Nikasimama juu ya pedali, gia nzito, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nyuma ya paja la kulia nikasikia kitu kimevuta ghafla, kama kamba ya kuanikia inapokazwa. Nikarudi nyumbani. Mpaka leo nikishuka ngazi nalisikia. Na goti la kushoto, kwa mbele, linaniuma kila baada ya safari, hilo tangu zamani.

Ni umri, Ami? Na kama ni kupasha misuli, nipashe vipi, muda gani, na wapi nisichekwe?

Msukuma Baskeli, Wete

*

Wa alaykum salaam, mwanangu Msukuma.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu lake mwenyewe umelitia ndani bila ya kujua. Ungekuwa huna pumzi, au umri umekukamata, ungechoka zaidi kila safari inavyokuwa ndefu. Wewe unakwenda kinyume, unaanza mgonjwa unamaliza mzima. Mtu anayewatangulia vijana kwenye mchanga wa Ngezi hana tatizo la nguvu. Wewe unapanda mlima ukiwa baridi, na kwa bahati mbaya unakaa mahali ambapo mlima uko mlangoni.

Nikueleze kinachotokea, maana ukikijua hutahitaji kubishana na mpwa wako. Ukiwa umepumzika, misuli yako inapata kama sehemu moja katika tano ya damu inayozunguka mwilini. Ukipanda mlima kwa nguvu inataka zaidi ya nne katika tano. Damu hiyo haihamii kule kwa amri. Moyo na mapafu vinahitaji dakika mbili, tatu, kufikia mwendo unaotakiwa, na katika dakika hizo paja linafanya kazi kwa sukari iliyomo ndani yake, hewa haijatosha. Njia hiyo inawezekana, lakini inaacha tindikali, na ule ndio moto unaousikia mapajani. Pumzi nazo zinakimbia kujaribu kulipa. Mtu anayeanza kwenye tambarare hupita dakika hizo hana habari. Wewe dakika hizo hizo ndizo za kutoka bandarini kwenda juu. Seredani ndiyo kwanza umeiwasha, nawe umeshateleka sufuria la biriani.

Sasa haya mambo ya joto. Hapa watu wanachanganya, na jirani yako na mpwa wako wamekosea kosa moja. Jua linapasha ngozi. Mafuta ya karafuu yanaichoma ngozi, ndiyo maana unasikia yanachemka, na ukiyapaka matupu bila kuchanganya na mafuta mengine yanaweza kukuunguza ukapata malengelenge. Paja liko ndani zaidi ya hapo. Joto linalotakiwa ni lile ambalo msuli wenyewe unalitengeneza ukifanya kazi, na linapopanda, msuli unajikunja na kujikunjua kwa wepesi zaidi, na hewa iliyomo kwenye damu inaachiwa kwa urahisi zaidi. Mafuta ya karafuu muache mwenye jino bovu ayatumie.

Lakini mpwa wako nusu ana haki, nami sitaki kumvunja moyo. Katika nchi ya joto mtu asipashe kama yuko Uswisi. Wakimbiza baskeli wakubwa wakishindana kwenye joto wanavaa fulana za barafu huku wanapasha, miguu ifanye kazi na kifua kibaki baridi. Sisi barafu tunaitia kwenye sharubati. Lakini maana yake kwetu ni kupasha kwa muda mfupi, kivulini, na kuacha kabla jasho halijaanza kutiririka. Kwa saa mnayotoka nyinyi, jua halijachomoza sawasawa, huna haja ya kuogopa. Wakati wa kaskazi, mkichelewa kutoka, punguza.

Na kabla sijaingia kwenye utaratibu, nikuchekeshe kidogo. Mchezo huu wa baskeli za milimani ulishika moto California, miaka ya 1970, kwa watu waliokuwa wanateremka mlima. Kuanzia mwaka 1976 walikuwa na mbio zao kwenye njia moja ya vumbi, kwa baskeli za zamani nzito, zenye breki za kukanyaga pedali nyuma. Mteremko ule ulikuwa mkali hata grisi ya ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu, ikaungua ikatoka moshi, na wakifika chini inabidi wafungue watie nyengine. Njia yenyewe ikaitwa Repack kwa sababu hiyo. Baskeli walizipandisha juu kwa gari au kwa kusukuma kama wewe, kwa hiyo usione aibu sana. Mchezo ulipoingia Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996 ulikuwa mwengine kabisa. Sasa mbio zinaanza kwa kukurupuka kwa nguvu zote, kwa sababu njia inakuwa nyembamba mbele na aliyebaki nyuma hana pa kupitia. Ndiyo maana wale hukaa wanakanyaga pedali kwenye rola, baskeli haiendi popote, mpaka zibaki dakika chache waitwe mstarini. Mwanzo wako wewe unafanana na wao. Unaanza kwa vita.

Kuinama na kushika vidole uache. Yaani uache asubuhi. Kuvuta msuli ukauganda hapo kwa dakika nzima kabla ya kazi ya nguvu hakuupashi, na kwa muda kunaupunguzia nguvu kidogo. Isitoshe unafanya ukiwa umetoka kitandani. Usiku, vile visahani vya baina ya pingili za uti wa mgongo vinanyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu anaamka mgongo mgumu, na saa ya mwanzo si wakati wa kuukunja kwa nguvu. Kiuno chako kimekwambia hayo kabla yangu. Kunyoosha kwa kutulia kuweke baada ya safari, pale Vumawimbi ukishatoka baharini.

Na rafiki yako mwambie sala ni ibada, tusiitie kwenye hesabu ya mazoezi. Ila kutembea kwenda msikitini na kurudi, hilo lina faida yake, ukienda kwa miguu badala ya kupakiwa kwenye pikipiki.

Kubwa kuliko yote ni lile baraza. Umelitaja kama jambo la kupita, nami nikasimama hapo hapo. Hata ungepasha vizuri kama bingwa, ukikaa kitako nusu saa unamsubiri mtu, umerudi ulipoanzia. Joto la misuli halikai. Baada ya robo saa hivi ya kukaa limeshapungua sana. Kwa hiyo usisubiri umekaa, subiri juu ya baskeli.

Fanya hivi. Nyumbani, uani, dakika nne au tano tu. Shika mwimo wa mlango au mti, pembeza mguu mmoja mbele na nyuma kama bembea ya watoto, mara kumi, bila kuulazimisha upande juu, halafu ubavuni mara kumi, ubadilishe mguu. Chutama nusu, usiende mpaka chini, inuka, mara kumi. Zungusha mabega. Kunja na kunjua viganja, maana katika njia za mizizi mikono ndiyo inayoshika breki na kubeba nusu ya mshindo, na watu wanaisahau wanadhani baskeli ni miguu tu. Geuza shingo pole pole kulia na kushoto. Utaihitaji kutazama gari nyuma. Basi. Kama watoto wanakuja kutazama, wape kazi ya kukuhesabia. Timu za mpira zikiingia uwanja wa Gombani wachezaji wazima wanarukaruka robo saa mbele ya uwanja na hakuna anayewacheka. Mke wako naye atazoea, Jumapili ya tatu hatatoka hata jikoni.

Kisha teremka bandarini ukiwa juu ya baskeli, na wenzako wakikaa barazani wewe zunguka pale pale kwenye kipande cha sawa unachokijua. Gia nyepesi kabisa, miguu izunguke haraka bila nguvu. Kama huna mita ya kuhesabu mizunguko, hesabu goti la kushoto linavyopanda. Likipanda mara ishirini katika sekunde 15, uko kwenye mizunguko 80 kwa dakika, hapo pazuri. Dakika saba, nane hivi. Ukimuona mchelewaji anakuja, ongeza gia moja mbili ukanyage kwa nguvu sekunde kumi au kumi na tano, kisha legeza dakika nzima. Rudia mara tatu. Hizi fupi usiziruke, ndizo zinazouambia moyo kwamba kazi inakuja. Zitakupandisha pumzi kidogo, ziache zitulie dakika mbili, kisha mtoke. Msianze tena hadithi.

Mlima wenyewe uanze chini ya uwezo wako. Kaa kwenye kiti, gia nyepesi, waache vijana wakimbie. Kipimo chako kiwe salamu. Na salamu za kwetu Pemba si fupi. Mtu akipita kando ya njia, ukiweza kumjibu, kumuuliza hali yake, watoto na kazi, bila kukata neno katikati, mwendo ni sawa. Ukibakia na "salama" moja tu, punguza. Ukifika juu bila kuteremka mara mbili tatu, ndipo uanze kuongeza.

Mbatata za nazi, mwanangu, zinatoka. Chakula kizito chenye mafuta kinataka damu tumboni wakati mapaja nayo yanaitaka, na kichomi chako cha ubavuni naona nusu yake kiko humo. Kula tende tatu nne na maji, au ndizi, mbatata zisubiri ukirudi.

Goti nadhani ni jambo jengine, na kupasha peke yake hakutaliponya. Maumivu ya mbele ya goti kwa mpanda baskeli mara nyingi sana ni kiti kilichowekwa chini mno, goti likawa linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na mtu ukimpa mlima ndiyo balaa. Wengi wanaoanza njia za msituni wanashusha kiti ili miguu ifike chini kwa usalama. Kipime leo. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali, pedali ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukiwa umekunjika, pandisha kiti kidogo kidogo, kama upana wa kidole kwa safari, usirushe yote siku moja. Kwenye mteremko mkali wa utelezi, hasa masika udongo mwekundu unapokuwa sabuni, kishushe tena, ni skrubu moja. Usiteremke na kiti juu kwa ajili ya kunisikiliza mimi.

Paja la nyuma ni hasira zako. Msuli baridi, gia nzito, umesimama, nguvu zote. Jumapili hii usitoke. Usikubali mtu akuchue siku hizi za mwanzo, na usikandwe kwa maji moto. Ukichua msuli uliochanika mapema unazidisha damu kuvuja ndani. Tembea kawaida kadiri unavyoweza. Utakapoweza kushuka ngazi bila kulisikia, anza na baskeli kwenye tambarare, gia nyepesi, wiki moja, ndipo urudi mlimani. Likiwa limepiga rangi ya zambarau, au huwezi kusimama juu ya mguu huo, au goti limevimba au linakwama, nenda hospitali likatazamwe. Na kwa umri wako na kazi ya kukaa, ukiwa huko pima na presha. Kichomi cha ubavu kinachoondoka ukipunguza mwendo sikiogopi. Lakini maumivu ya katikati ya kifua, au yanayokwenda kwenye mkono au taya, au kizunguzungu, hayo si ya kusukuma baskeli mpaka juu. Shuka, kaa, uitiwe gari kweli, usingoje yatulie.

Na huyo bwana mchelewaji, mwambie kuanzia sasa mnamsubiri juu ya mlima. Kidogo chake na yeye akionje.

Ami